Idadi ya Leseni Mpya Haipimi Uchumi wa Mohoro

Hoja mmeisikia. Imesemwa kwenye mabaraza na vikao vya maendeleo, imerudiwa redioni, na kijiweni wapo wanaoitetea kwa moyo wote: ukitaka kujua kama uchumi wa mkoa, wilaya au kata unakua, hesabu biashara mpya. Hesabu leseni zilizokatwa mwaka huu, majina ya biashara yaliyosajiliwa BRELA, TIN zilizotolewa na TRA, vikundi vilivyoandikishwa kwa ofisa maendeleo ya jamii. Namba ikipanda, watu wanainuka. Ikishuka, kuna tatizo. Ni hoja nyepesi kubeba, ndiyo maana imefika mbali.

Mimi nasema haisimami. Nitalitaja kila dai kama wenyewe wanavyolisema, katika sura yake yenye nguvu, kisha nitaweka ushahidi mezani na ninyi wasomaji mtaamua. Ushahidi mwingi nautoa kata ya Mohoro wilayani Rufiji na jirani zake, Ikwiriri, Kibiti na vijiji vya delta, kwa sababu huku makosa ya kipimo hiki yanaumiza watu. Kata iliyofurikiwa na mto ikisomeka kwenye jedwali kwamba imechangamka kwa kuwa leseni zimeongezeka, anayepanga mgao wa mbegu, mikopo na matengenezo ya barabara ataipita na kwenda kwingine.

Dai lao la kwanza: karatasi haitafutwi bure. Mtu hawezi kusumbuka kwenda makao ya wilaya Utete au kujaza fomu mtandaoni, akalipa na ada, kama hana biashara anayokusudia kuifanya. Kwa hiyo kila cheti kipya kina biashara mpya nyuma yake. Mantiki ipo, lakini haifanani na jinsi karatasi hizi zinavyotafutwa. Kijana anayetaka leseni ya udereva anadaiwa TIN hata kama hana pikipiki ya kwake. Kina mama watano wanaotaka mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, lazima kwanza wawe kikundi chenye katiba, cheti na akaunti ya benki. Seremala anayetaka zabuni ya madawati ya shule lazima awe na jina la biashara, leseni na TIN ndipo aingie kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST. Seremala ni yuleyule, randa ni ileile, na banda ni lilelile alilolifanyia kazi miaka yote. Ila kwenye madaftari ya serikali amehesabiwa mara tatu, na kama amejiunga na kikundi, mara nne.

Tena itazameni hiyo mikopo ya asilimia 10. Serikali iliisimamisha Aprili 2023 baada ya malalamiko mengi juu ya urejeshaji na vikundi hewa, kisha ikairejesha katika mwaka wa fedha 2024/25. Katika kipindi hicho sababu kubwa ya kuandikisha kikundi iliondoka, halafu ikarudi. Mstari wa vikundi vipya ukishuka na kupanda sambamba na tangazo la bungeni, unapima tangazo. Haukuambii kama ufuta wa mwaka huo umelipa.

Dai la pili ndilo moyo wa hoja yao, na nitakaa nalo zaidi. Wanasema kufungua biashara ni kitendo cha matumaini. Anayefungua ana akiba, anaona wateja, anaamini kesho. Wengi wakifungua kwa pamoja, maana yake fedha ipo mtaani na imani ipo vichwani.

Chukueni mwaka 2024. Aprili ile Mto Rufiji ulifurika ukafunika mashamba na nyumba katika kata nyingi za Rufiji na Kibiti, Mohoro ikiwemo. Mvua zilikuwa kubwa, na Bwawa la Julius Nyerere lilikuwa likifungulia maji. Kipi kilichangia kiasi gani ni mjadala mwingine. Bondeni mpunga ulikuwa shambani. Familia iliyokuwa ikilinda ndege na nguruwe juu ya dungu ilishuka na kukuta maji pale palipotarajiwa magunia. Mrufiji anajua kuishi na mto wake. Maji yakipungua hupanda mlau kwenye udongo wenye unyevu, mahindi na mboga, na wazee walizoea kuliita furiko la kadiri neema. Lakini mlau unataka mbegu, na kati ya kupanda na kuvuna kuna miezi ambayo watoto wanakula kila siku.

Katika miezi hiyo ndipo biashara mpya huzaliwa. Nendeni asubuhi mahali popote palipofurikiwa mtaiona: meza moja, jiko la mkaa, karai, unga wa mchele wa kununua kwa kilo kutoka kwa mtu ambaye mwaka wa mavuno angenunua kwao. Mama anakaanga vitumbua. Mita chache kutoka hapo mwingine anakaanga mihogo, wa tatu ana beseni la dagaa, wa nne ameweka mafungu ya mkaa. Mtaji umetoka kwa kuku waliouzwa, au kwa mkopo wa kausha damu unaorejeshwa kila wiki, mteja awepo asiwepo. Mama huyu hajaacha kilimo kwa sababu ameona fursa. Kilimo kimemtoka mikononi. Siku akiandikishwa, jedwali linaongeza moja, na wale tunaobishana nao wanaiita hiyo moja matumaini.

Sasa pimeni mgongano uliomo ndani ya dai lenyewe. Mwaka wa mavuno mazuri mama huyu yuko shambani tangu alfajiri. Hana meza, hana karai barabarani, hana cheti. Anauza gunia kadhaa, analipa ada ya shule, anaezeka bati. Kwa kipimo chao, mwaka huo Mohoro imelala. Mwaka unaofuata mpunga unazama, meza zinaongezeka, na kwa kipimo chao Mohoro imeamka. Kipimo kinachopanda pale watu wanapopoteza chakula chao kina kasoro ya msingi, na hakuna marekebisho madogo yatakayokiponya.

Hili si la Rufiji peke yake. Mwaka 2015 Uganda ilitangazwa duniani kuwa nchi yenye wajasiriamali wengi kuliko zote, kwa hesabu kwamba zaidi ya robo ya watu wazima walikuwa wameanzisha biashara ndani ya miaka mitatu na nusu. Ujerumani na Uingereza zilikuwa mbali nyuma. Anayeamini kuwa biashara mpya zinapima afya ya uchumi akubali basi kwamba Uganda ya mwaka huo ilikuwa na uchumi wenye nguvu kuliko wa Ujerumani. Sijamsikia hata mmoja wao akikubali. Wanakitumia kipimo pale kinaposema wanalolitaka, na wanakinyamazia pale kinaposema jambo ambalo kila mtu anajua si kweli.

Nakiri wapo wanaofungua kwa nguvu. Mashine ya kukoboa mpunga ikifungwa kijijini ambako watu walizoea kusafirisha gunia hadi Ikwiriri, hiyo ni habari njema. Inapunguza nauli, inaacha pumba kwa wafugaji wa kuku, inamlipa fundi na mbeba mizigo. Rejista inaiandika mashine hiyo kwa alama moja, sawasawa na meza ya vitumbua ya mama aliyefurikiwa. Ukizijumlisha unapata mbili, na hiyo mbili haina maana yoyote ya kiuchumi.

Wanasema pia kwamba, dosari zote hizo zikiwepo, kwa muda mrefu namba ya biashara mpya na hali ya uchumi huenda pamoja. Haya, tuitazame historia ya karibu ya huku kwetu. Kati ya 2015 na 2017 Mkuranga, Kibiti na Rufiji zilipita katika mauaji ya viongozi wa vijiji, raia na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa pamoja wilayani Kibiti. Mei mwaka huo polisi walipiga marufuku pikipiki kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi katika wilaya hizo tatu. Fikirini maana yake kwa mwenye bodaboda, ambaye jioni ndiyo saa yake ya kuvuna. Kwa mama lishe anayepika cha usiku. Kwa mvuvi anayetaka samaki wa alfajiri wawahi soko. Saa za kazi zilikatwa nusu kwa tangazo moja. Pikipiki zilikuwa na namba zilezile, maduka yalikuwa na leseni zilezile zimebandikwa ukutani. Rejista ya biashara mpya haina safu ya kuandika kwamba biashara iliyopo imeacha kufanya kazi jua likizama. Msiba mkubwa kama huu ulioupiga uchumi wa eneo hili ungeweza kupita bila kipimo chao kutikisika.

Upande wa pili upo vilevile. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wasafiri wa kusini walivuka Rufiji kwa pantoni ya Ndundu. Magari yalipanga foleni, mvua ikizidi yalilala hapo, na kandokando ya foleni kulikuwa na wauza chai, wauza samaki wa kukaanga, wauza machungwa, wenye vyumba vya kulala. Daraja lilipokamilika foleni ilikwisha, na riziki ya wale waliokuwa wakiilisha ikaisha nayo. Je, uchumi ulishuka? Lindi na Mtwara zilipata njia ya kupita mwaka mzima, korosho zikasafiri, bidhaa za dukani zikafika. Biashara zilikufa kwa wingi mahali pamoja huku uchumi wa nchi nzima ya kusini ukipumua. Kipimo kinachokosea uchumi ukianguka na kikakosea tena ukiinuka, mahakimu wangu, kinapima nini?

Juu ya ajira sitasema mengi, maana hawajasema mengi. Dai lao ni kwamba kila biashara mpya inaajiri angalau mtu mmoja, yaani mwenyewe, hivyo leseni elfu moja ni ajira elfu moja. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 inahesabu kuwa biashara ndogo kabisa ni ile yenye watu hadi wanne, na kwa vijijini mara nyingi huyo ni mwenyewe na mtoto wake akitoka shule. Aliyeacha jembe akashika karai hajapata ajira mpya. Amebadili ya zamani. Wakala wa nne wa fedha za simu kwenye senta moja haleti wateja wapya wa kutosha. Kamisheni waliyokuwa wakigawana watatu sasa wanagawana wanne. Na leseni ya biashara hudumu miezi 12, ikifa hufa kimya. Wanajumlisha wanaoingia, hawatoi wanaotoka, kisha jumla hiyo wanaiita ukuaji.

Hapo hutuletea dai wanaloliona kuwa kinga yao: namba hizi hazipikiki. Zinatoka kwenye mifumo ya serikali, zimerekodiwa kielektroniki, tena usajili wa BRELA uko mtandaoni tangu 2018, kwa hiyo hakuna ofisa wa kuzigusa. Nakubali kwamba mfumo hauongezi sifuri wenyewe. Tatizo linaanza pale namba inapokuwa amri. Desemba 2017 TAMISEMI ilianzisha kampeni iliyoutaka kila mkoa ujenge viwanda 100 katika mwaka mmoja. Mkoa wenye bandari na umeme wa uhakika, viwanda 100. Mkoa wa wakulima na wafugaji usio na reli, viwanda 100. Taarifa zikaanza kumiminika kutoka kila upande kwamba lengo limefikiwa na kuvukwa. Lilifikiwaje? Waziri wa Viwanda, Biashara na Uwekezaji wa wakati huo, Charles Mwijage, alitetea hadharani kwamba vyerehani vinne ni kiwanda. Kisera alikuwa na mahali pa kusimamia, kwa kuwa kiwanda kidogo kabisa kina watu hadi wanne. Ila mwananchi aliposikia viwanda 100 aliwaza king'ora cha asubuhi na wafanyakazi wakipanga mstari getini. Hakuna aliyedanganya tarakimu. Kilichobadilika ni kitu kilichohesabiwa.

Mwaka uliofuata tuliona hivyohivyo kwa machinga. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000. Kwa machinga aliyekuwa akinyang'anywa bidhaa na mgambo, kitambulisho kile kilikuwa ulinzi wa kweli, na silidharau hilo. Lakini kila mkuu wa mkoa alikabidhiwa fungu la kwanza la idadi ileile, 25,000, na akatakiwa aligawe liishe. Mikoa haina idadi sawa ya watu wala ya machinga. Idadi ya vitambulisho vilivyotoka ilionyesha juhudi ya mkuu wa mkoa na mtendaji wa kata katika kugawa na kukusanya. Anayezichukua namba hizo leo na kuchora mchoro wa kuchipuka kwa biashara anachora bidii ya watendaji.

Watu wa Mohoro wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu na hesabu zinazoamriwa kutoka juu. Hapa ndipo palipokuwa na boma la Wajerumani kabla makao hayajahamia Utete, na hapa ndipo aliponyongwa Kinjikitile Ngwale, mganga wa Vita vya Maji Maji, Agosti 1905. Utawala ule ulipima maendeleo kwa mashamba ya pamba yaliyolimwa kwa amri chini ya maakida na majumbe. Mashamba yaliongezeka kweli. Kilichokuwa kikipungua, chakula cha mlimaji na uvumilivu wake, hakikuwa na safu kwenye daftari la boma.

Wengine wakibanwa kwenye karai na cherehani hupanda ngazi. Wanasema tuache wadogo, tutazame kampuni kubwa na miradi iliyosajiliwa, kwa sababu mwekezaji mwenye mamilioni ya dola hasajili kwa mzaha. Wanatukumbusha kwamba Kituo cha Uwekezaji kilisajili miradi 901 mwaka 2024 yenye thamani ya dola bilioni 9.3, rekodi tangu kuanzishwa kwake. Sina ugomvi na namba hiyo kama idadi ya miradi iliyosajiliwa. Nina ugomvi na anayeisoma kama miradi iliyojengwa, na Rufiji ina haki ya kuzungumza kwa sababu imeona pande zote mbili za karatasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company ilipata baraka za serikali kufuga kamba katika delta, mradi uliotajwa kuwa wa karibu dola milioni 200. Wataalamu wa NEMC, baraza la mazingira, walishauri usikubaliwe. Ulikubaliwa. Wanavijiji wa delta walikwenda mahakamani kutetea mikoko, mashamba yao ya mpunga na maji wanayovulia. Mabwawa hayakuchimbwa, na kamba wa delta mpaka leo wanavuliwa na watu wenye mitumbwi. Ikafuata zamu ya nishati ya mimea: SEKAB ya Sweden ilikuja katikati ya miaka ya 2000 na mipango ya kulima miwa ya ethanoli Bagamoyo na Rufiji kwa maelfu mengi ya hekta. Mikutano ya vijiji ilifanyika, ardhi ikazungumzwa, ahadi za zahanati na barabara zikatolewa. Kufikia 2009 kampuni ilikuwa imejitoa, na bonde la Rufiji halikuona ethanoli. Katika miaka ile, mkoa uliokuwa ukihesabu kampuni na miradi mipya ulikuwa na sababu ya kushangilia mara mbili. Ilipokufa, hakuna mwaka ambao jedwali liliandika hasi moja. Mwenye kuhesabu wageni wanaoingia bila kuhesabu wanaoondoka anaweza kuthibitisha ukuaji popote pale, hata kwenye kijiji kinachohamwa.

Dai jingine linasemwa kwa sauti ya kitaalamu: Marekani wanatumia kipimo hiki, sisi ni nani tukikatae? Kweli Idara ya Sensa ya Marekani hutoa takwimu za uanzishaji wa biashara, na mwaka 2021 maombi yalikuwa takribani milioni 5.4. Lakini someni jinsi wanavyozitoa. Kwanza wanaziita maombi, hawaziiti biashara. Pili, wanatenga maombi yanayoelekea kuzaa waajiri na yale yasiyoelekea huko, kwa kuangalia mambo kama sekta na kama mwombaji ametaja tarehe ya kuanza kulipa mishahara. Tatu, wanafuatilia ni mangapi yaliishia kulipa mishahara ndani ya robo mwaka nne na ndani ya robo mwaka nane. Na maombi hayo yaliruka sana katikati ya mwaka 2020, miezi michache baada ya ukosefu wa ajira kupita asilimia 14. Waliofukuzwa kazi walikuwa sehemu ya waliokuwa wakisajili. Huyu shahidi waliyemwita wao, akihojiwa vizuri, anatoa ushahidi upande wangu. Kama wanataka kuiga Marekani, waige na ule ufuatiliaji wa miaka miwili.

Kisha kuna walio nje ya daftari. Watetezi wa hoja husema hao wapo, lakini ni mabaki. Urasimishaji unaendelea, na mwelekeo wa waliosajiliwa unatosha kuonyesha mwelekeo wa wote. Tazameni ukubwa wa hayo mabaki. MKURABITA, mpango ulioanza 2004 kwa msaada wa taasisi ya Hernando de Soto wa Peru, ulipochunguza ulikuta kuwa biashara 98 kati ya kila 100 nchini ziko nje ya mfumo rasmi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 juu ya biashara ndogo ulikuta zaidi ya milioni tatu, na sehemu kubwa mno hazikuwa BRELA. Hata kama hali imebadilika sana tangu hapo, na imebadilika, kusajiliwa kwa biashara iliyokuwepo miaka kumi kunaonekana kwenye jedwali kama kuzaliwa kwake. Hapo wanakutana na mgongano wao mkubwa kuliko yote. Mchana wanasema urasimishaji unafanikiwa, yaani biashara za zamani zinaingizwa kwenye mfumo. Jioni wanazihesabu hizohizo kuwa mpya. Wachague moja.

Na fedha yenyewe ya Rufiji inapita wapi? Ufuta unakwenda kwenye ghala la AMCOS, unapigwa mnada kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, na wakulima wengi wanalipwa kupitia chama kimoja kilichosajiliwa zamani. Bei ya mnada ikipanda kwa mia chache tu kwa kilo, fedha inayoingia vijijini msimu huo inazidi mtaji wa meza zote za barabarani, na hakuna biashara mpya hata moja iliyoandikwa. Kwenye korosho yupo mnunuzi wa kangomba. Miezi ya njaa anampa mkulima fedha kidogo au gunia la unga, wakati wa mavuno anachukua korosho kwa bei aliyoipanga yeye. Mzunguko wake ni mkubwa na madhara yake ni makubwa kuliko duka lolote la senta, naye hana daftari. Kwenye delta, tajiri anatoa nyavu na barafu, mvuvi anatoa kamba, hesabu inafungwa gatini Nyamisati kwa maneno. Maisha ya watu hupanda na kushuka kwa mambo haya: bei ya mnada, ukubwa wa kangomba, upatikanaji wa barafu, kimo cha mto. Leseni mpya haigusi hata moja.

Wakifika hapa wenye hoja hukimbilia dai la mwisho, ambalo nalisikia mara nyingi kuliko yote: kipimo kina kasoro, sawa, lakini ndicho tulicho nacho. Hapana. Halmashauri inakusanya ushuru wa mazao kwa mashine, kwa hiyo inajua uzito wa ufuta na korosho uliopita kila kizuizi. Chama kikuu cha ushirika kinajua bei ya kila mnada na kiasi kilicholipwa. Ofisi ya uvuvi ina leseni za vyombo na wavuvi. TANESCO inajua mashine ya kukoboa imetumia umeme kiasi gani mwezi huu ikilinganishwa na mwezi huohuo mwaka jana. Mwalimu mkuu anajua ni watoto wangapi wameacha shule kwenda kuuza karanga. Vyote hivi viko maofisini mwetu, vinasema mengi juu ya hali ya kaya kuliko idadi ya vyeti, na havitakiwi kununuliwa kwa mshauri kutoka mbali.

Hata wakitaka kubaki na leseni peke yake, kuna swali ambalo rejista inaweza kulijibu leo. Wachukue leseni zote zilizokatwa kwa ajili ya Mohoro katika miezi 12 kabla ya mafuriko ya Aprili 2024, na zote zilizokatwa katika miezi 12 baada yake. Waonyeshe ngapi katika kila fungu zilihuishwa mwaka wa pili, ngapi zilirudi kwa jina jingine na mwenye yuleyule, ngapi hazikurudi kabisa, na hizo zilizobaki zinauza nini. Majina ya watu wayafiche. Sihitaji asilimia ya ongezeko. Nataka kujua kama yule mama mwenye karai bado yuko barabarani mwaka wa pili, na kama yuko, ni kwa sababu vitumbua vinamlipa au kwa sababu hajapata mbegu ya kurudi nayo bondeni.